Mtutu Usio na Mluzi

Mwaura alipoitandaza ile mitutu mitatu juu ya meza ya banda na kuniambia nichague mmoja, nilitamani kumjibu achague mwenyewe, kwani bunduki ni zake na uwanja ni wake. Lakini Mwaura ni mtu wa bara, amezaliwa na haraka, na ukimjibu ovyo kabla hajanywa chai atakununia mpaka jua lizame. Nikaitazama mitutu.

"Chukua ile utaona iko sawa," alisema. "Ile ya ndugu yako imechoka. Umesema wateja wanalalamika ati inalia kama filimbi ya refa."

Hakuna mteja aliyelalamika. Mlalamikaji nilikuwa mimi. Nilimwandama Mwaura asubuhi na jioni mpaka akachoka na mdomo wangu, akaagiza mitutu Nairobi, na sababu niliyompa haikuwa ya kweli. Ya kweli ilikuwa inanitia haya, na nikiisema mbele ya mtu wa bara angenicheka.

Pale tunapofanya kazi ni uwanja wa mchezo wa bunduki za rangi, nje kidogo ya mji wa Kilifi, ndani ya shamba la mikanju, yaani mikorosho, lililotupwa na wenyewe. Watu wazima wenye kazi zao nzuri hutoka Mtwapa na Mombasa, wakavaa barakoa, wakajificha nyuma ya mapipa na matairi, wakapigana kwa gololi zilizojaa rangi. Gololi ikikupata inapasuka, unatapakaa manjano, na unatoka nje ukicheka huku paja limevimba. Mimi sijapata kuielewa raha yake. Kazi yangu ni kuzisafisha hizo bunduki, kuzijaza hewa, na kuzipima kila adhuhuri kabla wateja wa alasiri hawajafika. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu, Masha.

Masha aligongwa na gari kwenye barabara kuu ya Malindi, akivuka kwenda kununua sigara. Tukamzika kwetu Kakuyuni. Mimi wakati huo nilikuwa Mtwapa nikipaka magari rangi, na Mwaura aliona kwamba mtu anayejua mashine ya kupulizia rangi hawezi kushindwa na bunduki ya rangi. Akaniita. Ndivyo nilivyoirithi kazi ya ndugu yangu, pamoja na bunduki yake.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kawaida, lakini mtutu haukuwa wa kawaida. Masha aliupata kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akihama Malindi, akaupeleka kwa fundi wa chuma, ukatobolewa vitundu ubavuni kwa mpango alioujua Masha peke yake. Vitundu vya namna hiyo kazi yake ni kupunguza kelele, hewa ikatokea pembeni badala ya kulipuka mdomoni. Vya Masha vilikwenda kinyume. Ukifyatua, mtutu unapiga kwanza mluzi mwembamba, ndipo unasikia kishindo. Fiii, pu. Shamba zima lilikuwa likiujua. Watu waliojificha nyuma ya matairi walikuwa wakiusikia na kuguna, haya, Masha huyo, tumekwisha.

Na kuna mwingine aliyekuwa akiujua zaidi. Nyumba ya Masha iko ng'ambo ya ua wa michongoma, hatua chache kutoka bandani, na mkewe Damaris hakuwa na haja ya saa. Masha alipopima bunduki alikuwa akimalizia na yake. Damaris akiusikia mluzi, anapakua. Anakuja na sahani iliyofunikwa kawa la ukili, anaiweka juu ya kisiki cha mkanju kilicho nje ya banda, na Masha anakula papo hapo kwa sababu alikuwa mvivu wa kutembea.

Siku ya kwanza nilipoifyatua ile bunduki mwenyewe, nywele zilinisimama. Mimi si mtu asiyeogopa. Naogopa, ila kwa adabu, bila kupiga makelele. Mluzi ulipita juu ya mikanju, gololi ikagonga pipa kule mwisho, kukawa kimya. Kabla sijaiweka chini, Damaris alitokea kwenye upenyo wa ua, leso nyeusi kichwani, sahani mkononi. Hakunitazama wala hakusema neno. Aliiweka juu ya kisiki, akageuka, akarudi kwake.

Ningefanya nini? Kwetu mtu akifa, kwa muda fulani huwekewa chakula mahali alipopenda kukaa, ili koma wake, yaani roho yake, asirandarande na njaa akasumbua walio hai. Hilo nililijua. Nimelelewa Mtwapa kwa mama mdogo, mila nilizipata vipande vipande, lakini hicho kipande nilikuwa nacho. Na sahani ya marehemu haiguswi na mtu. Nikafunga banda, nikaenda kula chapati na maharagwe barabarani.

Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho kutwa. Nikipima bunduki, mluzi ukilia, Damaris huyo na sahani. Nami nafunga mlango naondoka upesi, macho chini. Nikirudi nakuta wateja wameshajaa, naingia kazini, na kile kisiki sikitupii jicho. Jioni sahani haipo. Nikawa najua kwamba Damaris huja kuichukua, na kwamba chakula hukimwaga shinani mwa mkanju kama inavyofanywa. Nasema nikawa najua, kumbe nilikuwa nikidhani tu.

Siku moja nilisahau kofia, na jua la adhuhuri halina mzaha, nikarudi nusu njia. Nikasikia majani nyuma ya banda. Majani makavu ya mkanju hayana siri, hata mjusi akipita yatakusimulia, ila huu haukuwa mwendo wa mjusi. Ulikuwa mwendo wa mtu mzito anayejiweka kitako. Nikaiacha kofia.

Sasa niseme na lile jingine, maana bila hilo hamtanielewa. Nilimpenda Damaris. Sijui lilianza lini. Pengine ni pale matangani, nilipomwona akiwasongea sima watu waliokuja kumlilia mumewe, na hakuna hata mmoja aliyempokea mwiko. Wazee walishanidokeza kwamba mimi ndiye mdogo wa marehemu, sina mke, na mjane hafai kuachwa bila wa kumtazama. Nikawajibu tutaona, kwa sauti ya mtu asiyejali, na usiku sikulala. Lakini utamposaje mwanamke ambaye kila adhuhuri anampakulia mumewe? Mume yupo, anaitwa kwa mluzi, na anayempigia huo mluzi ni wewe mwenyewe kwa kidole chako.

Ndipo likanijia wazo la mtutu. Nikiuondoa ule wa Masha nikatia mwingine, mwingine usio na sauti ile, nitakuwa nimemfunga mdomo. Damaris hatasikia kitu. Atapumzika kumpikia mfu, atavua leso nyeusi, na siku moja atainua macho anione. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu.

Nikaanza kuipima ile mitutu, na niliipima kama mtu anayechagua dawa.

Wa kwanza ulikuwa mfupi, mweusi, wa alumini, hauna kitundu hata kimoja. Nikaufunga kwenye bunduki, nikaelekeza kwenye pipa, nikafyatua. Ulibweka. Ndege wote wa shamba waliruka, na Mwaura aliyekuwa akizungumza kwenye simu huko nje akapiga kelele kuuliza nimevunja nini. Nikaufungua nikauweka kando, maana ule ungesikika mpaka ng'ambo ya daraja la Kilifi.

Wa pili ulikuwa mrefu, wa chuma cha kung'aa, mzuri wa kutazama. Lakini mtutu hauchaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa pumzi. Unatia gololi nyuma ya mtutu, unaweka mdomo, unapuliza. Ikiteremka yenyewe kabla hujapuliza, mtutu ni mpana, hewa itapotea na gololi itakwenda itakako. Ikigoma mpaka macho yakutoke, mtutu ni mwembamba, gololi itapasuka humo ndani na utashinda ukisugua rangi. Inayofaa ni ile inayokaa ikikusubiri, ukiipuliza kidogo inakwenda. Na gololi zetu za pwani ni shida tupu. Zinatoka kiwandani zikiwa sawa, zikilala hapa siku chache unyevu wa bahari unaziingia zinafura. Kwenye ule mtutu wa chuma nilipuliza mpaka masikio yakaziba, gololi haikujongea. Huo nao kando.

Wa tatu ulikuwa wa nyuzi nyeusi za kaboni zilizosukwa zikagandishwa, mrefu, mwepesi kama bua, na vitundu vyake vilikuwa vingi na vidogo, vimejipanga ubavuni kwa ustaarabu. Nikatia gololi, ikakaa. Nikapuliza kidogo tu, ikateremka ikatoka upande wa pili, ikaangukia kiganjani. Moyo wangu ukatulia.

Hapo ningeacha. Lakini fundi ana tabia ya kutaka kulinganisha, na ule mtutu wa Masha ulikuwa papo hapo mezani. Nikautia gololi. Ikakaa sawasawa. Nikainama nikaweka mdomo, na kabla sijavuta pumzi, pumzi ikanijia. Ilikuwa ya vuguvugu, ikaniingia kinywani polepole, ina harufu ya sigara. Mimi sivuti. Mwaura havuti. Gololi ikasogea nyuma, ikanigusa mdomo.

Niliutupa mtutu ukabiringika chini ya meza. Mwaura akaingia na kikombe chake cha chai.

"Sasa nini tena? Umechomeka?"

"Nimechagua," nikamwambia. "Ni huu wenye vitundu vidogo."

"Si ungesema tu. Mbona unatetemeka kama umeona polisi?"

Nikaufunga mtutu mpya kwenye bunduki ya Masha. Nikafyatua. Ulitoa sauti ndogo, mfano wa mtu anayetema kokwa ya ukwaju. Hapakuwa na mluzi. Nikasimama nikitazama upenyo wa ua, jua liko utosini, kivuli changu kimejikunja chini ya miguu. Damaris hakuja. Mwaura akasifu mtutu, akasema sasa hiyo ndiyo pesa yake, akaondoka. Mimi nikaketi kwenye kile kisiki kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nikacheka peke yangu. Ule mtutu wa zamani niliuviringisha tambara, nikausukuma nyuma kabisa ya rafu, kwenye mitungi mibovu.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, kisha zikapungua raha. Nilingoja Damaris avue ile leso, nisimwone. Nilingoja nimsikie akicheka na jirani, au akiita kuku, au hata akigombana na mtu, lakini ng'ambo ya ua palikuwa pamezizima. Hata moshi wa adhuhuri haukupanda tena. Nikajiambia mtu aliyekuwa akimpikia mfu lazima achoke kidogo akiacha. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku hizo.

Pale bandani nako hapakukaa vizuri. Wateja wakawa wanatoka uwanjani wakiuliza ni nani yule aliyekaa kwenye mikanju ya nyuma bila barakoa, ataumia jicho. Nikienda kutazama, simwoni mtu. Mama mmoja wa benki alisema alikuwa mwanamume, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwambia ni mlinzi. Hatuna mlinzi wa mchana.

Kisha akaja shangazi.

Shangazi yangu Kanze, dada yake babangu, ndiye mkubwa wa mji wetu, yaani boma letu, kule Kakuyuni, na yeye haji mahali bila sababu. Nilimwona akipita katikati ya matairi, gauni limeshikwa juu lisichafuke rangi, anaangaza huku na huku kwa dharau ya mtu aliyelima maisha yake yote akaona shamba limegeuzwa kuwa la mchezo. Nikamkimbilia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ningeitikia vizuri zaidi kama ningeamkiwa na mtu."

"Nimefanya nini tena?"

"Unaniuliza mimi? Mwanamke anakupikia tangu tumalize matanga, wewe unamtega mpaka ameamini, kisha unamfungia sauti. Kama humtaki ungesema siku ya kwanza, Chengo. Sasa anafunga mizigo arudi kwao Mariakani, na amelia mpaka macho yamekuwa hivi." Akanionyesha ngumi.

Nikamtazama nisielewe. "Anipikie mimi? Shangazi, zile sahani ni za Masha."

Shangazi akapiga makofi mara moja, kama mtu anayeua mbu.

"Masha alilishwa Kakuyuni! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nilimwekea mpaka siku zake zikaisha, tukanyoa nywele, akaambiwa aende salama. Na chakula cha koma hakitiwi chumvi, wala hakibebwi na mjane. Hakibebwi na mjane, wewe! Huyo mama yako mdogo alikufundisha nini huko Mtwapa?"

"Sasa zile zilikuwa za nini?"

"Mjane wa mji wetu hamwambii mwanamume nakutaka. Ana haya ya msiba. Hupika akaweka chakula pale mumewe alipokuwa akikaa, akaondoka zake bila kusema. Anayekaa pale akala, ndiye. Hakuna mahari ya pili, hakuna kuitana vikao. Sahani ikirudi tupu mambo yamekwisha, na sisi wazee tunaambiwa baadaye tuje kunywa."

Siku zote zile! Nilikuwa nikitoroka kwenda kula chapati zilizolala, na mke ananingoja kwenye kisiki. Nikaanza kucheka, na machozi yakanitoka hukohuko, nikamshika shangazi mikono.

"Usinichekee mimi," akasema, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amelainika. "Nenda kamwambie huo ujinga wako kwa mdomo wako."

Nikapita kwenye upenyo wa ua nikikimbia, mtu mzima na ndevu zangu. Damaris alikuwa barazani, begi wazi mbele yake, anakunja leso moja moja. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakusimama.

"Umefuata nini, mlamu?" akaniuliza. Kwetu mlamu ni shemeji, na alivyolitamka neno hilo lilikuwa kama mlango unaofungwa. "Mtu ale chakula changu siku zote zile, kisha aninyamazie. Mimi si mbwa."

"Sikula, Damaris!" nikasema, na nilisema kwa furaha, Mungu anisamehe. "Ndiyo maana nimekuja. Sikujua. Nilidhani ni chakula cha marehemu, nikawa naondoka. Shangazi ndiye amenieleza sasa hivi. Sikukukataa. Nakutaka mpaka nimekuwa mpumbavu."

Nilitegemea atacheka. Nilitegemea hata anitupie leso. Lakini mikono yake ilisimama juu ya begi.

"Hukula?"

"Hata tonge moja. Naapa."

"Hata siku ya kwanza? Nilipika samaki tasi wa nazi."

"Hata siku hiyo. Niliondoka ulipogeuka tu."

Akanitazama usoni kwa muda, akitafuta mzaha. Hakuupata.

"Kila alasiri nilikuja kuchukua vyombo," alisema. "Kawa nilikuta limewekwa chini vizuri. Sahani imefunikwa kifudifudi, mifupa chini yake. Hakubaki hata punje."

"Kima," nikasema upesi. "Shamba limejaa kima, Damaris, unajua mwenyewe."

"Kima hufunika sahani?"

Kuku wake alipita katikati yetu akidonoa, na hakuna aliyemfukuza.

"Shangazi aliniambia wewe ni mtu wa pilipili," akaendelea, sauti imeshuka. "Kwamba unaila kama mboga. Nikawa nakuwekea, mbichi, nimekata katikati. Kila siku niliikuta. Imesogezwa pembeni, ukingoni mwa sahani, imeachwa hapo. Nikasema labda unaona haya. Halafu nikasema, labda ndugu hufanana."

Masha alikuwa na vidonda vya tumbo. Tangu ujana wake pilipili ilikuwa adui yake. Ukimletea chakula chenye pilipili hakugomba, aliisogeza kwa kidole cha shahada mpaka ukingoni, akafuta kidole kwenye suruali, akala kilichobaki. Mimi nilijua hivyo, na Damaris alijua hivyo kunishinda, kwa kuwa ndiye aliyezifua hizo suruali. Tulitazamana tu, na jua lote lile nikaona baridi.

"Alishaagwa," nikasema. "Shangazi amesema. Alilishwa, akaagwa, akaambiwa aende."

"Najua. Nilikuwepo." Machozi yalikuwa yakimteremka na hakuyafuta. "Nami nilimaliza kumlilia, Chengo. Usidhani sikumaliza. Siku ile nilipousikia ule mluzi kwa mara ya kwanza baada ya matanga nilijua ni wewe unaupiga, si yeye. Nikasema, haya, kuna mtu. Nikapika nikafurahi. Nilikuchagua wewe."

Hakuna aliyepata kuniambia neno kama hilo maishani mwangu, na lilifika limechelewa. Nikapiga magoti pale barazani. Nikamwambia apike leo, apike sasa hivi, nitakaa kwenye kisiki mbele ya macho yake na mbele ya shangazi, nitakula sima na mchuzi na pilipili zote za Kilifi, kisha nimpe sahani mkononi. Nilisema mengi. Ningeweza hata kuila sahani yenyewe.

Alitikisa kichwa polepole.

"Sahani ilirudi tupu, mlamu. Aliyekaa pale akala, ndiye. Nitampikiaje mtu mwingine, na wa kwanza ameshakula?"

"Huyo wa kwanza amekufa!"

"Amekufa, ndiyo. Na amekula. Mimi sikumwita, nilikuwa nakuita wewe. Wewe ndiye hukuja."

Nilisimama nikataka kukasirika, na hasira yangu haiko mbali kwa kawaida, lakini safari hii niliitafuta nisiipate. Nilijaribu kumkumbusha kwamba yeye ni mtu wa Mariakani, kwamba mila za mji wetu hazimfungi, kwamba arudi kwao nami nitamfuata huko huko tuanze upya mahali pasipo kisiki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutoa leso ndani ya begi, moja moja, akazirudisha mapajani mwake.

"Tangu unyamazishe ile bunduki," aliuliza, "ni nani amempakulia?"

Nilikuwa nikimfikiria yule mama wa benki, na mwanamume aliyeketi kwenye mikanju ya nyuma ameshika tumbo.

"Amekaa na njaa siku zote hizi," akasema Damaris, akapangusa uso kwa leso. "Kesho urudishe mtutu wake."

Shangazi alikuwa akiningoja bandani, uso umechangamka, anataka habari. Nilipomweleza, ule uchangamfu ulimtoka taratibu. Aliuliza la sahani mara mbili, na la pilipili mara moja. Akavuta gauni lake, akakwepa kile kisiki kwa mbali, akaondoka bila kuniaga, na tangu hapo hajanisema tena kuhusu kuoa.

Mwaura naye aliponiona nikiufungua mtutu mpya alishika kiuno.

"Si ulisema hii ndiyo mzuri? Chengo, mimi nimehangaika na hii maneno yako mwezi mzima!"

"Ni mzuri," nikamwambia. "Utie kwenye bunduki nyingine yoyote."

Adhuhuri nikapima bunduki zote kama kawaida. Niliiacha ile ya mwisho mpaka sikuwa na kisingizio cha kuendelea kuiacha. Nikaielekeza kwenye pipa, nikafyatua, mluzi ukapita juu ya mikanju.

Damaris alitokea kwenye upenyo wa ua. Leso nyeusi alikuwa ameivua, amejifunga nyingine mpya, nyekundu yenye maua, ya mwanamke mwenye mume. Alipofika kwenye kisiki alinitazama mara moja, na macho yale sijui nitayaweka wapi. Akaweka sahani, safari hii bila kawa. Ilikuwa na sima na samaki wa kupaka. Pilipili haikuwamo.

Akarudi kwake. Nami sikwenda kula chapati, miguu haikutaka. Nikayasikia majani makavu yakianza kulia kutoka mikanju ya nyuma, polepole, yanakaribia. Nikazunguka upande wa pili wa banda, nikakipa kisiki mgongo. Si adabu kumkodolea macho mume wa mtu anapokula.